Herufi ya Kwanza na Rafiki wa Kwanza

Somo juu ya urafiki wa watoto katika vitabu vya zamani vya alfabeti vya Kifaransa



Kila akaaye Bunagana aijua barabara ile ipitayo katikati ya mji na kuvuka mpaka kwenda Kisoro, nchi ya Uganda. Mlima Sabinyo waitazama kutoka juu, nao haujui mambo ya mipaka: mteremko wake mmoja uko Kongo, wa pili Uganda, wa tatu Rwanda. Watoto nao hufanana na mlima huo. Wa upande wa Jomba na wa upande wa Kisoro husikilizana bila mkalimani, kwa maana Kinyabwisha na Kifumbira ni kama ndugu wa tumbo moja. Mpaka ukiwa wazi hukutana, hucheza, hugawana muwa. Lakini wakiingia darasani, huyu hukuta ubaoni maneno ya Kifaransa, na yule maneno ya Kiingereza.

Basi leo tutafungua vitabu vya zamani, vile ambavyo watoto wa Ufaransa walijifunzia herufi. Pengine mtauliza: Vitabu vya Wafaransa vyatuhusu nini sisi? Vyatuhusu sana. Kitabu cha kusomea ambacho mtoto wako anakileta nyumbani kutoka shuleni, chenye herufi na picha, ni mjukuu wa vitabu hivyo. Tena wengi wenu mnajifunza kusoma mkiwa watu wazima, na huenda usiku mnakaa na mtoto wenu mbele ya taa moja, mkifuata mstari mmoja kwa kidole. Msione haya. Yafaa tu kujua kwamba kitabu cha herufi hakifundishi herufi peke yake. Kwa picha zake chamfundisha mtoto ni nani aliye rafiki yake, na ni nani asiye rafiki yake. Hilo ndilo somo letu.

1. Kitabu kilichoanza kwa msalaba

Zamani, katika Ufaransa, kitabu cha kwanza cha mtoto kilikuwa na kurasa chache tu. Mbele ya herufi A palichorwa msalaba mdogo. Mtoto alipoanza kusoma alifanya kwanza alama ya msalaba, kisha akataja A, B, C. Kwa sababu hiyo watu walikiita kitabu chenyewe kwa jina la msalaba: «Croix de par Dieu». Baada ya herufi zilifuata silabi, na baada ya silabi sala: Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki. Mara nyingi sala hizo ziliandikwa kwa Kilatini, hata mtoto akasoma maneno asiyoyafahamu.

Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle aliligeuza jambo hilo. Yeye alikuwa padri wa mji wa Reims, akaanzisha shirika la Mabruda wa Shule za Kikristu, akafa mwaka 1719. Aliamuru watoto waanze kusoma kwa Kifaransa, lugha ya nyumbani mwao, ndipo wafike kwenye Kilatini. Tena akafungua shule bila malipo, na mtoto wa maskini akaketi pamoja na mtoto wa mwenye mali. Waalimu waliozoea kulipwa walimshitaki kwa ajili hiyo. Lakini fikirini: watoto wawili ambao njiani wasingalisalimiana, sasa wakaa benchi moja. Mwenzako akikuonyesha herufi uliyoisahau, huulizi baba yake ana mashamba mangapi. Mwaka 1950 Papa Pio wa Kumi na Mbili alimfanya mtakatifu huyo kuwa msimamizi wa waalimu wote.

2. Picha zaingia kitabuni

Siku hizo vitabu vya watoto vilikuwa na picha chache, au havikuwa nazo kabisa. Mwalimu mmoja wa Moravia, jina lake Comenius, alitoa kitabu mwaka 1658 katika mji wa Nuremberg, na humo kila somo lilikuwa na picha yake. Hata herufi aliziwekea wanyama na sauti zao: kunguru alilia «a, a», mwana-kondoo alilia «be-e-e». Mtoto alicheka, na katika kucheka akaishika herufi. Kitabu hicho kilienea Ulaya nzima.

Ufaransa nayo ikafuata. Katika mji wa Épinal, tangu mwaka 1796, nyumba ya uchapaji ya Pellerin ilichapa picha za bei ndogo zilizotiwa rangi, zikachukuliwa na wachuuzi hata vijijini. Kati ya picha hizo zilikuwamo alfabeti. Hata mtu asiyeweza kununua kitabu aliweza kununua karatasi moja na kuibandika ukutani. Katika miaka ya 1860 mji wa Paris ulipata alfabeti ya Bibi mdogo Lili, iliyochorwa na Lorenz Frølich, mtu wa Denmark. Yeye hakuchora vitu vilivyosimama peke yao. Alichora mtoto anayeishi: anayecheza, anayekosa, anayelia, anayesamehewa. Mwaka 1934 Jean de Brunhoff alitoa alfabeti ya Babar, yule tembo wa hadithi. Humo kila herufi ina picha kubwa, na ndani yake vitu vingi vyenye kuanza kwa herufi ile vimekaa pamoja.

Wapenzi, pateni hapa jambo moja la kufikiri. Mchoraji akitaka kuonyesha neno «ng'ombe», achora ng'ombe mmoja, na kazi imekwisha. Akitaka kuonyesha «chungu», achora chungu kimoja. Lakini akitaka kuonyesha «rafiki», afanyeje? Akichora mtoto mmoja, mtazamaji atasema: Huyu ni mtoto. Hana budi kuchora wawili. Tena kuwasimamisha wawili bega kwa bega hakutoshi. Lazima mmoja awe anamtendea mwenzake jambo fulani. Ndiyo sababu katika vitabu vile vya zamani urafiki huonekana daima katika tendo. Watoto wawili wameinamia kitabu kimoja. Mmoja anashika kamba, mwingine anaruka. Mmoja ameanguka, mwingine anamnyosha mkono. Mmoja anamega mkate, mwingine anapokea. Mchoraji alilazimishwa na kazi yake kusema ukweli: urafiki usiotenda neno hauwezi kuchorwa.

Tena kwa Kifaransa rafiki ni «ami», neno la herufi tatu tu, a, m, i. Kwa hiyo mtoto aweza kulisoma upesi, kabla hajaweza kusoma maneno marefu. Nasi katika Kiswahili twasema «rafiki», neno lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni mwenzi, hasa mwenzi wa safari. Wazee wa pwani walijua kwamba katika safari ndefu ndipo mtu ajulikanapo. Wanasema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

3. Ndugu wawili waliovuka mpaka usiku

Baada ya kitabu cha herufi, mtoto wa Ufaransa alipewa kitabu cha kusoma hadithi. Kimoja kilipendwa kupita vyote: «Le Tour de la France par deux enfants», maana yake, safari ya watoto wawili kuizunguka Ufaransa. Kilitoka mwaka 1877, nacho kina picha zaidi ya 200. Mwandishi wake alikuwa mwanamke, Augustine Fouillée, aliyejificha nyuma ya jina la G. Bruno. Nakala zake zilifika mamilioni.

Hadithi yenyewe itawagusa ninyi wa Bunagana. Katika vita vya miaka 1870 na 1871 Ufaransa ilishindwa, na sehemu ya Lorraine ikatwaliwa na Wajerumani. André, mwenye miaka 14, na Julien, mwenye miaka 7, wamefiwa na wazazi. Usiku mmoja wenye ukungu watoka mji wa Phalsbourg ili kuvuka mpaka. Wana mzigo mdogo. Mkubwa amshika mdogo mkono. Lakini ni nani awapokeaye usiku ule wa kwanza? Ni Étienne, fundi wa viatu vya mti, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yao. Baba amekufa, lakini urafiki wake haukufa. Umebaki kuwa mlango uliofunguliwa kwa wanawe.

Mbele ya safari wafika katika shamba moja ambako yuko mtoto yatima, jina lake Jean-Joseph. Moto ukatokea usiku, watu wakakimbia nje, na yatima amesahauliwa darini. Ndipo André apanda kumtoa katikati ya moshi. Yatima yule hakuwa na mama wa kumtafuta wala shangazi wa kupiga kelele. Kama asingalikuwapo mtu aliyemhesabu kuwa mwenzake, hakuna ambaye angalijua kwamba amekosekana. Basi twajifunza kwamba rafiki ni yule ajuaye kuhesabu, akaona kwamba mmoja hayupo.

Nasi je, hatukuyaona mambo haya? Mwaka 2012, na tena tarehe 13 Juni 2022, vita viliingia Bunagana, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Kisoro wakiwa na magodoro vichwani na watoto migongoni. Wengi walipokelewa katika kambi ya Nyakabande. Wengine walifunguliwa mlango na watu wa Kisoro waliokuwa wamejuana nao sokoni, kanisani au utotoni. Mzee aliyecheza zamani na mtoto wa ng'ambo hakujua kwamba alikuwa akiwajengea wajukuu wake nyumba ya kukimbilia.

4. Kurasa zenye doa

Lakini mwalimu mwema hafichi makosa ya kitabu. Vitabu hivyo vina kurasa zinazotuhuzunisha.

Kwanza, katika baadhi ya alfabeti za Kifaransa za wakati wa ukoloni, herufi N ilipewa picha ya mtu mweusi, pamoja na jina ambalo leo ni tusi. Hakuchorwa akiwa rafiki wa mtu. Alichorwa kama kitu cha kutazamwa, sawa na tembo au mnazi. Mtoto wa Ufaransa ambaye hajawahi kumwona Mwafrika alijifunza dharau siku ileile alipojifunza kusoma, wala hakujua kwamba amejifunza.

Pili, wakati wa vita kuu ya kwanza, mchoraji André Hellé alitoa «Alphabet de la Grande Guerre», alfabeti ya vita vya 1914 hadi 1916, kwa ajili ya watoto wa askari. Humo herufi zafundishwa kwa mambo ya askari na mapigano. Picha zake ni nzuri, na mchoraji hakuwa mtu mbaya. Alitaka mtoto aelewe baba yake alikokwenda. Hata hivyo yatupasa kuona uchungu wake: herufi zilezile ziwezazo kuandika «ami» zaweza pia kuandika bunduki. Herufi haichagui. Achaguaye ni mtu mzima amwekeaye mtoto kitabu mbele ya macho.

Tatu, katika vitabu vingi vya zamani rafiki hufanana daima na mtoto mwenyewe: nguo zilezile, ngozi ileile, bustani ileile. Urafiki wao ni wa kweli, lakini ua wake ni mfupi. Mtoto mwingine akipita nje ya ua, kitabu hakimwoni.

Hatuna haja ya kuvitupa vitabu hivyo kwa ajili ya kurasa hizo. Wengine walijaribu kusahihisha. Mwalimu Mfaransa André Davesne, aliyefanya kazi Afrika ya Magharibi, aliwatungia watoto wa huko vitabu vya «Mamadou et Bineta». Humo mvulana na msichana wa Kiafrika ndio wenye kitabu. Kijiji ni chao, na wao ndio wanaosoma. Vitabu hivyo navyo ni vya wakati wa ukoloni, na vina kasoro za wakati huo. Lakini vizazi vingi vya Waafrika wanavikumbuka kwa upendo, kwa sababu ndimo walimojiona wao wenyewe karibu na herufi kwa mara ya kwanza.

5. Alfabeti ya nyumbani kwetu

Sasa tuje kwetu. Mtoto wa Kivu hujifunza alfabeti mbili. Ya kwanza ni ile ya shuleni. Ya pili hakuna aliyeichapa: ni maneno ayasikiayo jikoni na karibu na moto. Huko husikia jina la kila kabila, na pembeni mwa jina hilo hupewa picha: hawa ni wezi, hawa ni wageni, hawa msile nao. Jina na picha, kama vile katika kitabu. Naye hulishika upesi kuliko A na B, kwa sababu amelisikia kwa mama na baba awapendao. Siku moja mtoto huyo atamkataza mwenzake kuingia katika mchezo, na ukimwuliza sababu hataijua. Atasema tu: Ndivyo walivyo. Akina baba, akina mama, ukurasa ule wenye doa tuliouona katika kitabu cha Wafaransa, je, hatukuuandika sisi pia?

Kumbukeni Daudi na Yonatani. Baba wa Yonatani alimchukia Daudi hata kutaka kumwua, lakini Yonatani hakukubali kurithi chuki ya baba yake. Urithi ni mashamba na ng'ombe. Chuki si urithi, mtu aweza kuikataa.

Basi nawapa kazi ambayo haihitaji fedha. Fanyeni alfabeti yenu wenyewe pamoja na watoto. Kama hakuna karatasi, mchanga wa uani watosha, na kijiti. Chagueni vitu vya kwetu, na katika kila picha tieni watoto wawili:

B, boga: wawili wanalibeba, kwa kuwa ni zito kwa mmoja.
C, chukudu: mmoja anaongoza, mwingine anasukuma kupanda kilima, kisha wanabadilishana.
K, kitabu: kimoja, na vichwa viwili vimekiinamia.
M, mpira wa majani ya mgomba: mmoja anaupiga kwenda kwa mwenzake, si mbali naye.
N, ndizi: imekatwa, na kipande kikubwa kimo katika mkono unaotoa.
R, rafiki: na hapa mwulizeni mtoto, Utamchora nani?

Swali hilo la mwisho ndilo la maana. Msimjibie. Mwacheni afikiri na kuchora. Pengine atamchora mtoto wa ng'ambo ya mpaka aliyemzoea wakati wa kukimbia. Pengine atamchora mtoto wa jirani ambaye ninyi hamsalimiani na wazazi wake. Mkiona hivyo msifute mchoro ule kwa mguu. Mtoto huyo amesoma vizuri, na huenda ametangulia mbele yenu kwa herufi moja.

Maneno ya kushika

Kitabu cha herufi hufundisha kusoma, na picha zake hufundisha kupenda au kudharau.
Rafiki hawezi kuchorwa peke yake, wala bila tendo.
Urafiki wa utotoni ni mlango ambao mtu aweza kuuhitaji akiwa mzee.
Chuki si urithi. Tuwape watoto kitu kingine.

Maswali

1. Kwa nini watu wa zamani wa Ufaransa waliita kitabu cha herufi kwa jina la msalaba?
2. Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle alibadili nini katika shule, na jambo hilo lilisaidiaje urafiki?
3. Ni nani aliyewapokea André na Julien usiku wa kwanza, na kwa nini?
4. Taja kurasa za aina mbili zenye doa katika vitabu vya zamani. Je, doa la namna hiyo liko nyumbani kwako?
5. Rafiki yako wa kwanza alikuwa nani? Yuko wapi leo? Kama yu hai, na njia iko, mpelekee salamu kabla ya somo lijalo. Kama njia haiko, mtaje jina lake mbele ya watoto wako, na waeleze mlicheza nini.